Kununua dawa Ujerumani: mwongozo kwa aliyezoea famasi za kwetu

Kila wakishuka watu wapya, wa Ausbildung (mafunzo ya kazi), wa au pair (kukaa na familia na kulea watoto wao), waliokuja kusoma, simu yangu inajaa maswali yale yale. Mbona nimezunguka duka zima sijaona Panadol? Daktari kaniambia nimeshaandikiwa dawa lakini hajanipa karatasi, sasa naenda na nini? Nimeomba amoxicillin nimenyimwa, kwani wana shida gani hawa? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, nimeamua niandike yote hapa, ukiulizwa na wewe mtumie.

Kwanza nijitaje kidogo. Mimi sio mfamasia, ni mtu aliyekuja huku kama au pair akabaki, na wiki yangu ya kwanza kichwa kilinigonga ile mbaya nikaingia duka la kwanza nililoona lina rafu za vidonge. Nikachukua kichupa chenye picha ya mtu anatabasamu, nikanywa kama navyokunywa Panadol, mara tatu kwa siku. Ilikuwa magnesium. Kichwa kilibaki palepale na tumbo likaanza kukimbia, siku mbili nzima nalala karibu na choo cha watu nisiowajua vizuri. Kwa hiyo nikisema fanya hivi, ujue nimeshafanya vile.

Kitu cha kubadilisha kichwani ni hiki. Kwetu unaenda dukani na jina la dawa, unalitaja, unakatiwa vidonge vyako vinne, unatiliwa kwenye kibahasha kilichoandikwa 1x3, umeondoka. Huku jina la kibiashara ulilolizoea mara nyingi halipo, vidonge havikatwi unanunua boksi zima, na dawa nyingi ulizokuwa unajinunulia tu zimefungiwa nyuma ya daktari. Ila ukishajua mpango wao, ni rahisi kweli.

Kuwa na hivi kabla hujatoka

- Kadi ya bima, ile yenye picha yako (Gesundheitskarte). Kama una bima binafsi ya au pair au ya wanafunzi wa lugha, mara nyingi haina hiyo kadi, basi beba hela au kadi ya benki maana utalipa kwanza mwenyewe.
- Jina la ndani la kila dawa unayotumia. Sio Panadol, ni paracetamol. Sio Brufen, ni ibuprofen. Sio Flagyl, ni metronidazole. Geuza boksi, angalia maandishi madogo chini ya jina kubwa, piga picha. Hii ndio ya muhimu kuliko zote humu.
- Orodha ya vitu vinavyokudhuru, kama penisilini au salfa, imeandikwa kwenye simu.
- Kama dawa ni ya mtoto, uzito wake kwa kilo. Sio umri tu, watakuuliza kilo, na ukisema "ana miaka mitatu" watakuuliza tena kilo.
- Coins kidogo mfukoni, nitakwambia za nini.

Hatua zenyewe

1. Ingia duka sahihi. Famasi huku inaitwa Apotheke na ina alama ya herufi A kubwa nyekundu ya mtindo wa zamani, ndani yake kuna kikombe na nyoka. Ukiona hiyo A, hapo. Maduka kama dm na Rossmann yanaitwa Drogerie, na ndio yanachanganya watu wote, maana yana vidonge vya vitamini, chai za kikohozi, plasta, vipima joto, vipimo vya mimba, kondomu, kila kitu mpaka unaamini ni famasi. Lakini rafuni pale paracetamol hamna na ibuprofen hamna, sheria hairuhusu. Supamaketi ndio kabisa. Usimlaumu keshia.

Jambo lingine, Apotheke sio maduka ya kampuni kubwa. Mwenye duka lazima awe mfamasia mwenyewe na anaruhusiwa kuwa na duka moja kuu na matawi matatu tu. Ndio maana kila mtaa una yake na kila moja ina jina lake, na ndio maana ukipata yenye mfamasia anayekusikiliza, ng'ang'ania hiyohiyo.

2. Jua dawa yako iko kundi gani. Hapa ndio pana kazi, kaa vizuri.

Kuna dawa za apothekenpflichtig, maana yake zinauzwa Apotheke tu lakini cheti hakihitajiki. Kuna za rezeptpflichtig, bila cheti cha daktari huzipati hata ulie. Halafu kuna zile huru za Drogerie.

Bila cheti unapata: paracetamol ya 500 boksi la vidonge 20 (gramu 10 ndio mwisho bila cheti, usiombe maboksi matano watakukatalia), ibuprofen mpaka ya 400, dawa ya mzio kama Cetirizin na Loratadin, Loperamid ya kuzuia kuharisha, chumvi za maji mwilini (uliza Elektrolyte, ndio ORS yao), Omeprazol au Pantoprazol ya 20 boksi dogo kwa kiungulia, krimu ya fangasi ya Clotrimazol pamoja na ile ya ukeni, jeli ya Diclofenac ya kuchua, dawa ya puani ya mafua.

Kwa cheti tu: antibayotiki ZOTE za kumeza, hata moja haitoki, amoxicillin, ciprofloxacin, azithromycin, metronidazole, doxycycline, sahau. Ibuprofen ya 600 na 800. Vidonge vya Diclofenac vya 50 tulivyovizoea kwa mgongo. Krimu kali za ngozi kama betamethasone na clobetasol, zile ambazo kwetu zinauzwa mpaka kwenye duka la vipodozi. Fluconazole ya kumeza. Albendazole ya minyoo. Vidonge vya kuzuia mimba vya kila siku. Dawa za presha na sukari. Dawa ya malaria, mseto, hiyo nitairudia chini maana ni habari nyingine.

Dada zangu mnaouliza P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, kwa aibu: tangu mwaka 2015 haihitaji cheti, inaitwa Pille danach. Ziko mbili, ya Levonorgestrel ya mpaka masaa 72 na ya Ulipristal ya mpaka masaa 120, na kuwahi ni bora kwa zote. Mfamasia atakuuliza maswali machache, ni utaratibu wao, hakuhukumu. Ukisema "unter vier Augen, bitte" anakusogeza pembeni.

3. Tafuta jina la kijerumani la dawa yako. Habari njema ni kwamba jina la ndani ni karibu lile lile, wao wanakata tu e ya mwisho. Amlodipine inakuwa Amlodipin, omeprazole Omeprazol, cetirizine Cetirizin. Neno la kujua ni Wirkstoff, ndio kitu chenyewe kinachofanya kazi ndani ya dawa. Ukisimama kaunta ukasema "Ich brauche den Wirkstoff Paracetamol" hakuna atakayekushangaa. Ukisema Hedex au Mara Moja atakuangalia kama umemwita jina la babu yake.

Piriton hutaiona, omba Cetirizin. Vicks ya kupaka kifuani ipo, ila huku inaitwa Wick. Na Panadol Extra ujue ni paracetamol na kafeini, sema hivyo hivyo watakupa inayofanana.

Angalizo kubwa: dawa za mafua za mchanganyiko, zile za unga wa kukoroga kwenye maji ya moto na vidonge vya rangi rangi, nyingi zina paracetamol ndani tayari. Ukinywa hiyo halafu ukaongeza paracetamol pembeni unajizidishia bila kujua. Mtu mzima mzima wa afya mwisho ni gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya 500 jumla kutoka kila mahali. Ini halipigi kelele mpaka limeshaumia.

4. Kama ni ya cheti, pata cheti. Unaenda kwa daktari wa familia, Hausarzt. Tafuta mmoja mapema ukiwa mzima, maana ukiwa na homa ndio utagundua wengi hawapokei wagonjwa wapya.

Tangu Januari 2024 wenye bima ya umma wanaandikiwa cheti cha kielektroniki, E-Rezept. Hamna karatasi. Daktari anaandika kwenye kompyuta yake, cheti kinaenda kwenye mfumo, wewe unaenda Apotheke yoyote Ujerumani nzima, unachomeka kadi yako ya bima kwenye kimashine, na wao wanaona. Namba ya siri huulizwi. Ukitaka karatasi yenye code za kuskani omba "Ausdruck, bitte", wanakuchapishia.

Makosa mawili hapa kila siku nayaona. La kwanza, mtu anapiga simu kwa daktari saa tatu asubuhi kuomba dawa yake ya presha, saa tatu na nusu yuko Apotheke anaambiwa hakuna kitu, anarudi nyumbani amenuna. Daktari lazima asaini, na wengine wanasaini kwa mkupuo mchana. Ukipiga simu nenda jioni. La pili ni habari ya robo mwaka. Kadi yako lazima ichomekwe kwa daktari mara moja kila robo (Januari mpaka Machi, Aprili mpaka Juni, hivyo hivyo), ndio wanaweza kukuandikia kwa simu. Robo mpya ikianza hujapita kuchomeka kadi, cheti hakitoki.

Cheti cha bima ya umma kinaishi siku 28. Ukikizembea bima hailipi tena.

Wenye bima binafsi mara nyingi wanapewa karatasi ya bluu. Unalipa bei yote, unachukua risiti, unapiga picha karatasi na risiti, unatuma kwa bima wanakurudishia. Usiitupe risiti, nimeshamuona mtu anapekua pipa la taka za karatasi la jengo zima saa nne usiku kwa ajili ya risiti ya yuro 60. Karatasi ya kijani nayo sio cheti cha lazima, daktari anakushauri tu dawa ya kununua kwa hela yako.

5. Simama kaunta kwa utaratibu. Kuna mstari sakafuni au kibao kimeandikwa Diskretion, subiri nyuma yake mpaka aliye mbele amalize. Usichungulie. Ukifika kaunta, salimia kwanza, Guten Tag, huku salamu ya dukani ina thamani kuliko tunavyowadhania. Halafu eleza shida, sio dawa:

Ich brauche etwas gegen... yaani nahitaji kitu cha... kisha malizia: Kopfschmerzen (kichwa), Halsschmerzen (koo), Husten (kikohozi), Fieber (homa), Durchfall (kuharisha), Verstopfung (choo kigumu), Sodbrennen (kiungulia), Juckreiz (muwasho), Regelschmerzen (maumivu ya hedhi).

Atakuuliza ni ya nani, tangu lini, unatumia dawa gani nyingine. Jibu ukweli. Kama una mimba sema "Ich bin schwanger", kama unanyonyesha "Ich stille", kama una vidonda vya tumbo au pumu taja, maana ibuprofen sio ya kila mtu. Mwenye mimba asijinunulie ibuprofen kichwa kichwa, na miezi mitatu ya mwisho hairuhusiwi kabisa.

Halafu sentensi itakayokuokolea hela, ikariri kama sala: "Haben Sie etwas Günstigeres mit demselben Wirkstoff?" Una kitu cha bei nafuu chenye dawa ile ile? Maana mara nyingi wa kwanza kukuletea ni ule wa kwenye matangazo ya tivii, na kumbe kwenye droo ya nyuma kuna ibuprofen ile ile, milligramu zile zile, kwa karibu nusu ya bei. Hakuna aibu. Wajerumani wenyewe wanauliza.

Wakiwa hawana dawa yako sio mwisho wa dunia. Wanaagiza, wanakupa kikaratasi (Abholschein), mara nyingi inafika mchana ule ule au kesho asubuhi. Kikaratasi usikipoteze. Na nyingi zina mtu wa kuleta dawa mpaka mlangoni, unauliza "Botendienst?", hasa kama unaumwa kweli.

6. Malipo. Dawa za cheti bei ni moja nchi nzima, usihangaike kuzunguka. Mwenye bima ya umma anachangia asilimia 10 ya bei, isipungue yuro 5 na isizidi yuro 10. Dawa ya yuro 30 unatoa 5, ya yuro 80 unatoa 8, ya yuro 300 unatoa 10. Ikiwa bei yenyewe iko chini ya 5 unalipa hiyo bei tu. Watoto chini ya miaka 18 hawachangii. Baadhi ya dawa za bei rahisi hazina mchango kabisa, uliza "zuzahlungsfrei".

Unaweza kuandikiwa dawa ya kampuni A ukapewa ya kampuni B, rangi tofauti, boksi tofauti. Usigombane. Bima yako ina mkataba na kampuni B, dawa ya ndani ni ile ile, linganisha Wirkstoff na milligramu vikifanana umemaliza. Mama mmoja wa kwetu ninayemfahamu alikuwa anakunywa zote mbili, ya zamani ya bluu na mpya nyeupe, akidhani ameongezewa dozi ya presha. Alikuwa anaona kizunguzungu kila akisimama. Kwa hiyo ukibadilishiwa boksi, la zamani liweke mbali.

Tunza risiti za michango mwaka mzima. Ikizidi asilimia 2 ya kipato chako cha mwaka (asilimia 1 kama una ugonjwa wa kudumu na bima imekubali), kinachozidi bima wanakurudishia au wanakusamehe. Mwenye kipato kidogo anafika huko haraka kuliko anavyodhani.

Dawa zisizo za cheti hapo kila duka lina bei yake, na unalipa mwenyewe. Mtoto chini ya miaka 12 ni tofauti, hata paracetamol ya maji daktari anaweza kumwandikia na bima ikalipa, kwa hiyo omba.

7. Soma dozi yao. Mfamasia atachukua kalamu aandike juu ya boksi: 1-0-1. Mara ya kwanza nilidhani ni namba yangu ya foleni. Ni hivi: asubuhi moja, mchana sifuri, jioni moja. 1-1-1 ndio 1x3 yetu. Ikiwa na namba ya nne, 1-0-0-1, ya mwisho ni wakati wa kulala. Maneno utakayokutana nayo: vor dem Essen kabla ya kula, nach dem Essen baada ya kula, nüchtern tumbo tupu, bei Bedarf ukihitaji tu.

Na aina zake: Tabletten vidonge, Saft ya maji, Tropfen ya matone, Salbe ya kupaka, na Zäpfchen. Hiyo Zäpfchen iangalie vizuri. Rafiki yangu alipewa kwa ajili ya homa ya mtoto, akanipigia video saa mbili usiku yuko jikoni, ameshika kijiko chenye maji ya moto, ndani kuna kitu cheupe kama risasi ya nta kinayeyuka taratibu na kuacha mafuta mafuta juu, mtoto analia amefunga mdomo hataki. "Hii dawa mbona inanuka mshumaa?" Dada, hiyo inawekwa nyuma, njia ya haja kubwa. Wajerumani wanazipenda sana kwa watoto. Kama hutaki, sema mapema "lieber Saft, bitte".

Dawa ya mafua ya kupuliza puani usipitishe wiki moja. Inafungua pua vizuri sana siku za mwanzo, ukizoea pua inagoma kufunguka bila yenyewe.

Novalgin au Metamizol utaandikiwa sana huku kwa maumivu, hospitali wanatoa kama maji. Inafanya kazi kweli, ila nchi kama Uingereza na Marekani haitumiki kwa sababu mara chache inaweza kuangusha chembe nyeupe za damu. Ukiwa unaitumia ukapata homa ya ghafla, koo kuuma au vidonda mdomoni, acha hapo hapo na nenda kwa daktari, mwambie unatumia hiyo.

8. Usiku na Jumapili. Jumamosi mchana nyingi zinafunga na Jumapili zote zimelala, ila kwa zamu kila eneo lazima liwe na moja iliyo macho, inaitwa Notdienst. Nenda mlango wa Apotheke yoyote, kuna karatasi imebandikwa inasema leo zamu ya nani, au piga 22833 kwa simu ya mkononi (wanakata hela kwa dakika). Ukifika mlango umefungwa, usiondoke, bonyeza kengele. Atatokea mtu na kidirisha kidogo kama cha mlinzi, mnaongelea hapo, hata mvua inyeshe. Saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, na Jumapili na sikukuu, wanaongeza yuro 2.50 na ndio zile coins nilizosema.

Kama unahitaji daktari usiku lakini sio kufa na kupona, piga 116117, bure. Kufa na kupona ni 112.

9. Dawa za kutoka nyumbani, na malaria. Ukisafiri unaruhusiwa kuja na dawa zako za matumizi binafsi, kadiria za miezi mitatu, zikiwa kwenye maboksi yake na barua ya daktari. Kutumiwa kwa posta kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hapana, forodha wanazuia, na hata DHL ya shangazi haisaidii. Ulizokuja nazo zipeleke kwa Hausarzt na maboksi yake akuandikie za huku kabla hazijaisha, sio siku zimebaki mbili.

Sasa malaria. Ukirudi kutoka likizo Tanzania, Kenya, Kongo, popote kwetu, ukapata homa, USIENDE Apotheke kuomba mseto. Hawatakupa, na kipimo cha haraka hawana. Usikae nyumbani unakunywa paracetamol homa inashuka unasema nimepona. Nenda hospitali siku hiyo hiyo na sentensi ya kwanza mdomoni iwe: "Ich war in Tansania, ich habe Fieber, bitte Malariatest." Usipotaja safari daktari atafikiria mafua kama kawaida, hajakosea, hiyo ndio anayoiona kila siku. Na usijidanganye "mimi nimekulia Tanga, malaria naijua", ukikaa huku miaka kinga yako inapungua, unaweza kuugua kama mzungu. Hamburg na Berlin kuna vitengo vya magonjwa ya tropiki, lakini hospitali yoyote kubwa inapima.

Ukikwama

*Kadi imechomekwa, cheti hakionekani.* Daktari hajasaini bado. Piga simu kwa mapokezi yao ukiwa palepale kaunta, mpe simu mfamasia waongee wenyewe, dakika mbili.

*Wanasema dawa haipo nchi nzima.* Inatokea, hasa antibayotiki za maji za watoto. Neno ni Lieferengpass, litamke taratibu: Liefer na Engpass. Muulize "Was ist die Alternative?", mara nyingi wanampigia daktari wenyewe.

*Bado nina antibayotiki za mwezi uliopita, nimpe mwenzangu wa chumba?* Hapana. Na wewe zilibaki kwa nini, uliambiwa umalize.

*Sijui kijerumani hata neno.* Andika kwenye simu kwa kiswahili, tafsiri, onyesha. Kwenye miji mikubwa wengi wanaongea kiingereza. Ila majina ya dawa usiyatafsiri kwa programu, onyesha picha ya boksi.

*Nimenunua nimefika nyumbani sio yenyewe.* Dawa iliyotoka dukani hairudishwi ikauzwa tena, hata kama hujafungua, kwa hiyo hela ihesabu imeenda. Soma boksi ukiwa bado umesimama kaunta.

*Bima binafsi wamekataa kurudisha.* Soma mkataba wako. Bima nyingi za au pair hazilipi ugonjwa uliokuwa nao kabla hujaja, presha na pumu zikiwemo, hilo waulize kabla hujapanda ndege.

*Mtoto amemeza vidonge vyangu, au mimi nimezidisha dozi.* Usisubiri dalili, usimtapishe. Kuna simu ya sumu, Giftnotruf, ya Berlin ni 030 19240, wanapokea usiku na mchana. Shika boksi mkononi unapopiga, wasomee Wirkstoff, milligramu na vidonge vingapi vimepungua. Kama amelegea au hapumui vizuri ruka hiyo, piga 112.